Paka Anapobadilika Ghafla: Tabia, Maradhi na Mzigo wa Jina

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa paka wa nyumba haingwa. Aliyezoeleka nyumbani hafukuzwi, hata akikaribia chungu. Lakini je, paka huyo huyo akiamka siku moja akawaparura watoto, akajificha uvunguni mwa kitanda au akalia usiku kucha, aeleweke vipi? Katika vijiji vinavyolizunguka soko la Nyakoe, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Oyugis, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashambani nchini Kenya, paka hafugwi kwa urembo. Hufugwa ili ayalinde mahindi dhidi ya panya. Kwa sababu hiyo, mabadiliko yake ni nadra kutazamwa kwa jicho la tabibu. Aghalabu huitwa ukaidi, mkosi au mkono wa mtu. Makala hii inanuia kueleza sababu halisi za mabadiliko hayo, na kuonyesha jinsi lugha yenyewe inavyoweza kumwongoza au kumpotosha mfugaji.

Asili ya ukimya wa paka

Paka wa nyumbani ana asili yake katika paka mwitu wa Afrika, ambaye angali anaishi porini katika Afrika Mashariki. Mnyama huyo huwinda peke yake, naye pia huwindwa na wakubwa wake. Anayeonyesha udhaifu porini huliwa. Kwa hiyo paka amerithi desturi ya kuficha maumivu: halii kama mbwa aliyevunjika mguu, bali hunyamaza, hujitenga na huacha kujilamba manyoya. Ndiyo maana badiliko linaloonekana kuwa la ghafla huenda lilianza siku nyingi zilizopita. Kilicho cha ghafla ni kushindwa kwake kuendelea kuficha.

Sababu za kimwili

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni maumivu. Jino bovu, jipu lililotokana na kupigana au kiungo kilichovimba humfanya paka mpole amng'ate anayemshika. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo yumo hatarini, kwani njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa katika muda wa siku chache. Mwenye nyumba asiyejua hilo humchapa kwa kudhani kuwa anataka kuchafua sakafu. Paka mzee naye akikonda ilhali anakula kupita kiasi na hatulii, huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kipimo.

Sababu ya pili ni uzazi. Paka jike huweza kuingia katika joto akiwa na umri wa takriban miezi sita. Hapo hulia kwa sauti ya kutisha, hujigaragaza na kutoroka, na hali hiyo hurudi kila baada ya majuma machache asipopata dume. Huo si ugonjwa wala si mkosi. Akishapata mimba, huzaa baada ya siku 63 hivi, na mama aliyezaa huweza kumshambulia hata aliyemlea.

Sababu ya tatu ni sumu. Panya aliyekula sumu humfikia paka akiwa windo rahisi. Baadhi ya dawa za kuua kupe zinazotumiwa kwa ng'ombe na mbwa, hasa zenye pamethrini, humtetemesha paka na kumuua. Hata parasetamoli, dawa ya kawaida ya binadamu, ni sumu kali kwake, hivyo huruma ya kumpa kidonge huweza kuwa ndiyo mauti yake.

Sababu za mazingira

Paka huitambua nyumba yake kwa harufu. Akijisugua mashavu kwenye mlango au miguuni mwa mtu, huwa anaacha alama. Nyumba ikipakwa rangi, mtoto akizaliwa, paka mwingine akiletwa au familia ikihama, ramani hiyo huvurugika. Wengine hujificha, wengine hukojoa mahali pasipofaa. Paka wa namna hii huhitaji utulivu, pembe yake ya kujificha na ratiba ya chakula isiyobadilika, wala si fimbo.

Mzigo wa jina: kichaa cha mbwa

Kiswahili kina jina mashuhuri la ugonjwa wa kutisha kuliko yote yaliyotajwa: kichaa cha mbwa. Hata Kenya ina sheria mahususi kuuhusu, Sura ya 365. Jina hili lina ukweli, kwa kuwa duniani takriban asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Hata hivyo, jina hilo hilo huficha jambo. Msikilizaji hudhani kwamba asipoumwa na mbwa yuko salama, ilhali virusi hivyo humshika paka pia, na paka huvipitisha kwa mate anapouma au kuparura.

Paka mwenye kichaa huweza kuwa mkali ghafla, akamrukia mtu bila kuchokozwa, au kinyume chake, yule wa porini akawa mpole kupita kiasi. Sauti hubadilika, mate humtoka, miguu hulegea. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hivyo aliyeumwa au kuparurwa na paka wa kushukiwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, asipake majani wala grisi, kisha awahi hospitalini, kama vile Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, aelezwe kuhusu chanjo. Paka aliye hai afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi chini ya uelekezi wa daktari wa mifugo. Aliyekufa asizikwe kabla daktari huyo hajaarifiwa, maana ubongo wake ndio unaothibitisha ugonjwa. Kinga iliyo bora ni kumchanja paka pamoja na mbwa.

Hitimisho

Kufasiri ni kazi ya kila siku ya mwanafunzi wa fasihi, naye anajua kuwa ishara ikisomwa vibaya humdhuru asiye na hatia. Mnamo Oktoba 2021, katika eneo la Marani, jirani na Nyakoe, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Haidaiwi hapa kwamba paka alihusika. Linalodaiwa ni kwamba pale ambapo maelezo ya maradhi hayapo, tuhuma hulijaza pengo, na mara nyingi huwaangukia bibi wanaoishi peke yao, pengine wakiwa na paka tu kwa wenzi. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kuliziba pengo hilo kwa maelezo yanayofahamika sokoni na nyumbani. Wanaweza kuanza na jambo dogo: kila litamkwapo jina la kichaa cha mbwa, iongezwe kwamba na paka yumo.