Istilahi za Mwanzo za Utungaji wa Programu: Mfano wa Mwanafunzi wa Kasulu na Kibondo

Katika makala hii tunakusudia kueleza maneno machache tu, yale ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hukutana nayo katika majuma ya mwanzo ya somo la kutunga programu za kompyuta. Tumemchukua mwanafunzi atokaye nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, kwa sababu hali yake yaonyesha wazi kazi ambayo istilahi hutarajiwa kuifanya.

Mwanafunzi huyo aghalabu huzungumza Kiha nyumbani, lugha iliyo jirani sana na Kirundi. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza. Afikapo chuoni hukuta lugha ya nne, ile ya mashine, nayo hufafanuliwa kwa hiyo ya tatu. Husemwa mara nyingi kwamba kinachomshinda ni hisabati. Sisi hatukubali. Hesabu za majuma hayo ya mwanzo kwa kawaida hazizidi zile za shule ya msingi, ambazo alizisoma kwa Kiswahili: jumla, thamani, tarakimu, baki. Anayajua mambo hayo, ila hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo yanayotakiwa.

Kazi ya kusanifu maneno ya kompyuta si mpya. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ukapigwa marufuku, na marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisini zenye maelezo ya Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Lakini maneno ya aina hiyo humhudumia zaidi mtumiaji wa kompyuta, anayefungua faili na kuandika barua. Mtunzi wa programu anahitaji mengine.

Tuchukue mfano wa saa. Basi liondokalo Kasulu saa 12 asubuhi, kwa hesabu ya kompyuta huondoka saa 6. Msafiri hubadilisha saa hizo kichwani bila kufikiri. Mwanafunzi na aambiwe ayaandike anayoyafanya: pokea saa ya mashine, jumlisha 6, gawanya kwa 12 na uchukue baki, ikiwa baki ni 0, andika 12, la sivyo, andika baki. Saa 13 ya mashine huwa 19, baki ni 7, nayo ni saa 7 mchana. Hiyo ni programu kamili kwa maana yake. Kilichobaki ni kuiandika kwa sarufi ambayo mashine inaikubali.

Mfasiri ataona kwamba tumeandika *ikiwa*, wala si *kama*. Katika mazungumzo *kama* latosha, ila lina kazi mbili, kushurutisha na kufananisha, na katika programu sharti na ulinganisho hukaa mstari mmoja. Hapana budi kila kazi iwe na neno lake.

Jambo zito zaidi ni alama ya =. Katika lugha nyingi za programu, tangu Fortran ya mwaka 1957 hadi Python iliyotolewa mwaka 1991, huandikwa x = x + 1. Mwalimu akiisoma alama hiyo "sawa na", mwanafunzi mwenye akili timamu hukataa, kwani hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa 1. Anakataa kwa haki. Mstari ule ni amri, si mlinganyo. Niklaus Wirth, aliyetoa lugha ya Pascal mwaka 1970, aliliepuka tatizo hilo kwa kuandika := kama ilivyokuwa katika Algol. Sisi hatuwezi kuibadilisha alama, ila tunaweza kubadili namna ya kuisoma. Twapendekeza *ipewe*: "x ipewe thamani ya x jumlisha 1". Umbo hilo la kitenzi hubeba amri na kutendwa kwa pamoja, na mwanafunzi haulizi tena kama mstari ni kweli au uongo. *Sawa na* libakie kwa ulinganisho peke yake.

Hiyo x yenyewe twaiita *kigeu*. Wako wanaosema *kigeugeu*, lakini neno hilo lina mwenyewe tayari, naye ni mtu asiyeaminika. Walimu wengine hukifananisha kigeu na debe ambalo leo lina maharage na kesho mahindi. Kwa juma la kwanza mfano huo wafaa. Baadaye itabidi waeleze kwamba katika Python kigeu ni jina lililofungwa kwenye thamani, wala si chombo.

Kwa tendo la kurudia, wengi hutumia *kitanzi*. Neno hilo hueleza umbo, tena hukumbusha mtego. Twaona *marudio* ni bora, kwa kuwa kitenzi chake, *rudia*, ndicho mashine inachoagizwa. Mfugaji nyuki wa Kibondo akitaka kujua asali yake yote, husema: jumla ipewe 0, kwa kila mzinga, pima asali, kisha jumla ipewe jumla ya awali pamoja na kipimo kipya. Tuangalie kwamba amri ya kwanza hutolewa mara moja, nje ya marudio. Ikiingizwa ndani, jumla itaanza upya kila mzinga, na mwisho atabaki na asali ya mzinga mmoja tu.

Hapo mashine haitalalamika, na ndiyo sababu neno *kosa* peke yake halitoshi. Lipo *kosa la sarufi*, ambalo mashine hulikataa, na lipo *kosa la mantiki*, ambalo mashine hulitekeleza kwa utii. Kadhalika, aliyesahau sharti la baki kuwa 0 ataandikiwa kwamba basi la asubuhi huondoka saa 0. Twashauri wanaosahihisha mitihani wayaandike majina hayo mawili pembeni mwa kazi ya mwanafunzi, kila moja mahali pake, badala ya mkasi mwekundu.