"Ni Wale Wale"

Pahali pengi nchini Kenya, mzee akimweleza mwanawe habari za mkutano wa chama cha ushirika, au za uchaguzi, au hata za kazi iliyotangazwa gazetini, hupewa jibu la maneno matatu tu: "Ni wale wale." Kijana hasemi hivyo kwa hasira, hucheka kidogo, kisha huendelea kutazama simu yake. Na kicheko hicho chafaa kuogopwa kuliko hasira, maana mwenye hasira bado anatarajia kitu.

Si haki kudhani ya kwamba vijana wamezaliwa na moyo huo wa kubeza kila jambo. Wamefunzwa. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilianzishwa mwaka wa 1964 ili kuwapa vijana nidhamu na ufundi. Mwaka wa 2015 ikajulikana ya kwamba shilingi milioni 791 zilikuwa zimeporwa humo. Katika kahawa ni vivyo hivyo. Wazee wanakumbuka msimu wa 1987/88, ambapo mavuno ya nchi yalikaribia tani 130,000. Miaka ya karibuni hayakufikia hata nusu yake. Mtoto aliyemwona baba yake akipeleka matunda ya kahawa kiwandani, akangoja malipo miezi mingi, kisha akakatwa deni la chama asilolijua, haridhiki kwa kuambiwa tu, "Lima, mwanangu."

Lakini chanzo cha ugonjwa ni neno moja, na madhara yake ni neno jingine. Mwenye shaka huuliza. Mwenye kubeza haulizi, kwa kuwa anadhani amekwisha kujua. Na asipouliza yeye, wale anaowabeza hustarehe. Mkutano mkuu wa chama ukihudhuriwa na wazee wachache waliochoka, hesabu husomwa upesi, mikono huinuliwa, chai hunywewa. Mwizi hana haja ya kuaminiwa na kijana. Yamtosha kijana akikaa nyumbani.

Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022 jambo hili lilionekana kwa tarakimu. Idadi ya wapiga kura wote walioandikishwa iliongezeka kupita ile ya 2017, lakini idadi ya wenye umri wa miaka 18 hadi 34 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 5. Wengi walisema ni uvivu. Haukuwa uvivu, vijana walipiga hesabu wakaona kura haina faida, nayo ilikuwa hesabu mbaya.

Ubaya wake ulidhihirika mwaka wa 2024, ulipoletwa Mswada wa Fedha. Vijana wale wale walioitwa wavivu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakauliza habari za kodi ya mkate na ya magari. Kodi ya mkate iliondolewa mapema. Tarehe 25 Juni waliandamana hadi Bunge, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza ya kwamba hatautia sahihi mswada huo. Damu hailipwi kwa mswada ulioachwa, na wako waliorudia "ni wale wale" kwa uchungu uliozidi ule wa kwanza. Nani awezaye kuwalaumu? Hata hivyo, mswada haukuangushwa na kicheko, bali na watu walioketi wakausoma.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba asemaye kila jioni mbele ya chakula ya kwamba viongozi wote ni wezi, kisha akashangaa mwanawe hataki kujiandikisha, ajishangae mwenyewe kwanza. Afadhali mzee amgawiaye mwanawe mistari michache ya miti ya kahawa pamoja na uanachama katika ushirika. Kijana huyo atapeleka mzigo wake mwenyewe kiwandani, atasimama karibu na mizani, na siku ya mkutano atakuwa na karatasi mkononi na swali la kumwuliza karani.