PS3 inayochemka: ipime kabla hujaiposti

Wadau, leo naongea na nyie mnaouza vifaa vya gemu vya mkono wa pili humu mtandaoni, hasa PS3. Kuna mtu atasema PS3 imepitwa na wakati. Sawa, lakini mimi nikiiposti, inbox inajaa. Wazazi wanawanunulia watoto, vijana wanafungulia vibanda vya gemu, na bei yake mtu wa kawaida bado anaifikia. Shida yake ni joto. Ikizima mikononi mwa mteja wiki mbili baada ya kumtumia mzigo, hakuna maelezo yatakayomtuliza.

Kwanza jua unanunua ipi. Ile nene ya mwanzo, ambayo wengi tunaiita fati, ilitoka Novemba 2006. Ikiwa kwenye gemu ilikula karibu wati 200, na umeme huo wote unaishia kuwa joto ndani ya boksi. Slimu ilikuja 2009, namba zake zinaanzia CECH-2000, na inakula umeme mdogo zaidi. Ile nyembamba kabisa ni ya 2012, inaanzia CECH-4000. Namba iko kwenye kibandiko cha mashine, usikubali kutumiwa picha ya mbele tu. Mimi fati sinunui, labda kwa bei ya spea.

Na wala sio PS3 peke yake. Xbox 360 ya 2005 ilisumbua sana na zile taa tatu nyekundu, mpaka Julai 2007 Microsoft wakaongeza waranti ya tatizo hilo kufika miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa kazi hiyo. Wao walikuwa na bilioni za kurekebishia. Sisi tuna mtaji wa kuzungusha.

Sasa kwa nini inachemka? Vumbi ndiyo la kwanza. Waliofika Kisongo kwenye miezi ya ukame wanaelewa: gari likipita barabara ya ndani, unafuta meza upya. Feni ya PS3 inavuta hewa hiyo hiyo masaa kibao. Vumbi linaganda kwenye mapezi ya chuma kama blanketi, hewa haipiti, feni inaongeza kasi, unaisikia inavuma kama ndege inayoondoka hapa uwanjani kwetu. La pili ni ile pesti ya kupoozea, inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupooza. Baada ya miaka kumi na kitu imekauka kama chokaa, haipitishi joto vizuri tena.

Joto likizidi, likapoa, likazidi tena, kwa miaka, viunganishi vidogo vya chipu ya picha vinachoka. Siku moja unawasha, taa inaonyesha njano kidogo, inalia, halafu nyekundu inaanza kupepesa. Hapo mashine imeondoka.

Kuna ujanja unafanyika mtaani na lazima muujue. Fundi anachukua ile mashine iliyokufa, anapiga bodi moto, inawaka. Anaiuza siku hiyo hiyo. Itafanya kazi siku kadhaa, wiki, wakati mwingine miezi, halafu inakufa tena, kwa sababu kilichochoka hakijabadilishwa. Ukiletewa PS3 kwa bei ya kutupa, muuzaji ana haraka na hataki uiwashe zaidi ya dakika tano, muulize moja kwa moja: hii imeshapigwa moto? Kagua na skrubu. Zikiwa zimeliwa vichwa au zimepungua, kuna mtu alishaingia humo. Kuingia sio kosa, inaweza kuwa alisafisha tu, ila akuambie alifanya nini.

Kupima ninafanya hivi. Naweka gemu nzito, sio menyu. GTA V inafaa, au mechi za PES 2018, ambayo ndiyo PES ya mwisho kutoka kwa PS3. Inacheza masaa mawili mfululizo. Naweka mkono nyuma: hewa ya moto ikitoka kwa nguvu ni afadhali, maana joto linatoka. Feni inayopiga kelele huku nyuma kunatoka hewa kidogo, hiyo imeziba. Picha ikianza madoadoa au rangi za ajabu, nairudisha kwa mwenyewe hapo hapo.

Halafu kuna jambo la hali ya hewa ambalo sisi wa Arusha tunalisahau. Julai usiku huku ni baridi, mashine yoyote itafaulu. Mteja wako yuko Tanga au Dar, Januari, chumba hakina feni, na PS3 kaisukumia ndani ya kabati la tivii. Kwa hiyo pima mchana, ndani, madirisha yamefungwa. Ikivumilia hapo, itume.

Kusafisha usiende kwa fundi pancha ukapulizie kwa kompresa yake. Ile hewa ina maji na wakati mwingine mafuta, na feni ikizungushwa kwa nguvu namna ile inaweza kuharibika. Tumia brashi laini na kopo la hewa, feni umeishika kwa kidole isizunguke. Kubadilisha pesti ni kazi ya fundi anayejua, aifungue, afute ya zamani kwa spiriti, apake mpya kidogo. Simama hapo uone, na upige picha. Hizo picha zinauza kuliko maneno.

Mtu atasema gharama. Tupige hesabu ya mfano. Umenunua 120,000, umesafisha na kuweka pesti 25,000, umeuza 190,000: umebaki na 45,000. Mwenzako hakusafisha, kabaki na 70,000, anacheka. Ya kwake ikirudi, anarudisha 190,000, analipa 10,000 ya basi, na mzoga anauuza spea 40,000. Hapo amepoteza 90,000, yaani faida yako ya mashine mbili. Na bado hatujahesabu mteja atakavyomwanika kwenye magrupu.

Kwenye posti mimi naandika hivi, chukueni kama inawafaa: "PS3 slimu, namba ya modeli ipo kwenye picha ya pili. Imesafishwa na kuwekwa pesti mpya mwezi huu, picha za kazi zipo. Imepimwa masaa mawili na gemu, video ipo. Haijapigwa moto. Ukiipokea, iweke wazi, nyuma iachie nafasi ya kiganja, usiiweke juu ya zulia wala kitanda. Ikizima yenyewe ndani ya siku 14, nirudishie nikupe hela yako."

Kabla ya kufunga mzigo toa CD ndani, maana safari ya basi mpaka Dar inarusha. Ile iliyofeli kipimo usiitupe: pedi, hadidiski, pawa saplai na nyaya vina wanunuzi wake, ila iandike wazi kwamba ni mbovu, ya spea.