Rangi Inayougeuza Mnyororo

Kirusi kiitwacho lambda, kinachoshambulia bakteria, kina DNA yenye jozi 48,502 za besi. Ukiinyoosha yote inafika mikromita 16.5, urefu ambao hadubini ya kawaida inaumudu. Lakini unene wake ni nanomita 2 tu, kwa hiyo bila msaada huoni kitu. Katika miaka ya 1990 Steven Chu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliipaka rangi ya YOYO-1, inayong'aa inapomulikwa, wakautazama mnyororo mmoja mmoja ukinyooshwa na mkondo na kujikunja tena mkondo unapokoma. Kwa miongo mingi wataalamu wa polima, yaani molekuli za minyororo mirefu kama DNA, walikuwa wakiyakisia maumbo hayo kwa hesabu. Sasa waliyaona kwa macho.

Ila mnyororo walioutazama haukuwa na mikromita 16.5. Ulikuwa na kama 21 au 22. Ifikirie DNA kama ngazi: YOYO-1 ina vichwa viwili bapa vinavyojipenyeza katikati ya vipago, na kila kichwa huvitenganisha vipago viwili kwa nanomita 0.34 hivi na kulegeza msokoto. Rangi hiyo pia hubeba chaji chanya nne, wakati uti wa DNA una chaji hasi, kwa hiyo hubadilisha chaji ya mnyororo wenyewe. Mwanga nao una madhara yake: rangi ikimulikwa mbele ya oksijeni huzaa kemikali kali zinazoikata DNA, ndiyo maana maabara huongeza vimeng'enya vya kuiondoa oksijeni kwenye myeyusho. Kundi la Chu lilijua kwamba mnyororo umerefuka na likautia urefu huo mpya kwenye hesabu zake. Hatari iko kwa anayechukua picha ya DNA iliyopakwa rangi akaisoma kama DNA tupu.

Polima ndani ya kimiminika haitulii. Inajikunja na kukunjuka, na ukubwa wake hutegemea kama vipande vyake vinapendelea kugusana vyenyewe au kugusana na maji. Mizani hiyo ni nyepesi mno. Rangi nyingi zinazong'aa zimeundwa kwa pete bapa za kaboni zisizopenda maji, na zile zinazoyeyuka vizuri kwa kawaida zimeongezewa vikundi vyenye chaji. Ama iwe hivi ama vile, umeongeza uzito upande mmoja wa mizani.

Polima iitwayo PNIPAM inalionyesha hilo vizuri. Katika maji baridi inayeyuka. Ukiipasha moto hadi karibu nyuzi 32 za Selisiasi minyororo inajikunyata ghafla na myeyusho unakuwa mweupe kama maziwa. Ukiibandika pireni, molekuli ya pete nne za benzeni zilizoungana, ukungu huo huanza kwenye joto la chini zaidi, na kadiri pireni inavyozidi ndivyo kiwango cha joto kinavyoshuka. Mkemia Françoise Winnik, aliyeichunguza sana polima hii nchini Kanada, alikumbana na jambo la hila zaidi. Pireni moja ikiwa peke yake hung'aa karibu na nanomita 375 hadi 400. Mbili zikikutana hutoa mwanga wa takriban nanomita 480. Ni rahisi basi kusema kwamba mwanga wa 480 ukiongezeka, mnyororo umejikunja. Kumbe katika maji baridi pireni hutafutana zenyewe kwa kuyakimbia maji, na huuvuta mnyororo pamoja nazo.

Ubishi mkubwa zaidi umetokea kwenye protini zisizo na umbo maalumu. Njia moja hubandika rangi mbili kwenye mnyororo na kupima nishati inayohama kutoka moja hadi nyingine, ambayo hupungua umbali unapoongezeka. Njia ya pili hutazama jinsi eksirei zinavyotawanyika zikipita kwenye protini isiyo na rangi. Mara nyingi rangi zilisema mnyororo umesinyaa pale kemikali za kukunjua protini zilipopunguzwa, na eksirei zikasema la. Mwaka 2015 kundi la Kevin Plaxco na Tobin Sosnick nchini Marekani lilijaribu polima ya PEG, isiyo na umbo lolote la kujikunjia, likaikuta tofauti ileile. Wapo wanaojibu kwamba kosa liko kwenye hesabu ya kugeuza mwanga kuwa umbali, na wana hoja. Hata hivyo naona mzigo wa ushahidi ni wa aliyebandika rangi.

Njia ya kuubeba mzigo huo si siri: pima sampuli isiyo na rangi kwa mtawanyiko wa mwanga au mnato, kisha badilisha aina ya rangi, mahali ilipobandikwa na kiasi chake, uone jibu linaelekea wapi kiasi kinapokaribia sifuri. Makala isiyotaja kuna rangi ngapi kwa kila mnyororo mimi huisoma kwa mashaka.

Wengine hukwepa rangi kabisa, wakibadilisha haidrojeni ya kawaida kwa ile nzito na kupima kwa nyutroni. Kikemia hakuna alama iliyo pole kuliko hiyo. Lakini polistirini ndani ya sikloheksani, ambayo mvutano na msukumano wa vipande vyake husawazika kwenye nyuzi 34.5 hivi, ikipewa haidrojeni nzito husawazika karibu na nyuzi 30.