Musa aliomba atumwe mwingine

Binti mmoja wa kwaya alinisubiri nje ya kanisa mpaka watu wakaisha. "Shikamoo, mama." Nikaitikia, tukakaa kwenye benchi chini ya mwembe. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi. Wakamwambia ajitambulishe, sauti ikamkauka, akatoka bila kumaliza hata jina la chuo alichosoma. "Mama, naomba uniombee Mungu aniondolee hii hofu."

Tukaomba. Baada ya amina nikamwambia kwamba Jumamosi, jumuiya yake itakapokutana, yeye ndiye atakayesoma neno, mistari mitatu tu. Alinitazama kama mtu aliyeomba dawa akapewa jembe.

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha namkuta binti huyu mara nyingi, kwa sura tofauti. Ni Mkristo wa kweli, anasali, anafunga, na anaamini kwamba kujiamini kutamshukia kwanza, ndipo aanze kutenda. Maandiko yenyewe hayaendi hivyo. Soma Kutoka sura ya 3 na ya 4, pale kwenye kijiti kilichowaka moto bila kuteketea. Musa anatoa udhuru mara tano. Anauliza yeye ni nani hata aende kwa Farao, na atawaambia watu jina gani. Anasema hawatamwamini, tena ulimi wake ni mzito. Mwisho anaomba atumwe mwingine.

Angalia alivyojibiwa lile swali la kwanza. Hakusifiwa uhodari, wala hakukumbushwa elimu aliyoipata katika nyumba ya Farao. Aliambiwa kwamba hatakwenda peke yake. Nadhani hapo ndipo kujiamini kwa Mkristo kunapotofautiana na kule kunakouzwa kwenye semina za mafanikio: msingi wake ni Yule anayekwenda nawe. Vipawa vyako vinafuata nyuma.

Kisha likaja zoezi. Fimbo ya Musa ikageuka nyoka, naye akakimbia. Akaambiwa anyoshe mkono amkamate mkia. Aliyekulia kijijini anajua jinsi agizo hilo lilivyo zito, maana ukimshika nyoka mkia, kichwa kinabaki huru kukugeukia. Musa akanyosha mkono akiwa bado anaogopa, na kiganjani mwake nyoka akarudi kuwa fimbo.

Kisa hiki hunijia kila ninapofundisha kazi ya Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Yeye na wenzake waliwasaidia watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka. Hawakuwahutubia tu. Mtaalamu alimshika nyoka mbele yao, wakatazama. Kisha wakasogea hatua kwa hatua, wakamgusa wakisaidiwa, na msaada ukapunguzwa kidogo kidogo mpaka wakamshika wenyewe. Mwaka 1977 Bandura alichapisha nadharia yake kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda. Alitaja vyanzo vinne: kulifanya jambo ukafanikiwa, kumwona mtu wa hali yako akilifanya, kutiwa moyo, na namna unavyoutafsiri mwili wako unapotetemeka. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo yasipofuatwa na tendo huyeyuka upesi. Ndiyo maana kijana anaweza kutamka "mimi ni mshindi" kila Jumapili, na Jumatatu akashindwa kumwambia bosi wake kwamba mshahara umepunjwa.

Sasa fikiria kanisa lina nini. Lina jumuiya za nyumbani, kwaya, shule ya Jumapili, matangazo ya kusomwa. Hakuna mahali pengi ambapo muuza mboga na mwalimu mkuu wanapewa zamu ileile ya kuongoza sala. Uamsho ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwasimamisha watu wa kawaida watoe ushuhuda mbele ya wenzao kwa maneno yao wenyewe. Wengi hawakuwa na cheo wala shule. Aliyesimama leo alikuwa amemwona jirani yake akisimama juma lililopita.

Tumejikwaa, hata hivyo, kwenye neno unyenyekevu. Tumewalea mabinti wengi wakiamini kwamba kunyamaza ndiko kunakompendeza Mungu, na jambo hili linaniuma. Paulo katika Warumi 12:3 anamtaka mtu asijione kupita inavyompasa, bali ajipime kwa akili timamu. Kipimo cha haki hukataa kuzidisha, na hukataa pia kupunja. Anayesema hawezi kitu, ilhali amepewa kitu, amepunja mizani.

Na wapo ambao hofu yao imekuwa ugonjwa: moyo unakwenda mbio bila sababu, usingizi umepotea, hata kutoka nje ni vita. Hao wapelekwe hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili, na waendelee kuombewa. Hata Musa alipewa Haruni awe kinywa chake. Na baadaye kinywa chake mwenyewe kilifunguka: Kumbukumbu la Torati, kitabu cha sura 34, karibu chote ni hotuba za yule mwenye ulimi mzito.

Binti alisoma mistari yake mitatu. Wa pili ulimpotea, karatasi ikitetemeka, na bibi mwenye nyumba akamwambia taratibu, "Soma tu, mwanangu, tunakusikiliza." Akarudi mwanzo wa mstari. Baada ya miezi miwili alisoma somo la kwanza kanisani. Hofu bado anayo, aliniambia, magoti yanamjua. Ila sala yake ya Jumapili asubuhi imebadilika: sasa anaomba sauti ifike mpaka viti vya nyuma, wanakokaa wazee wasiosikia vizuri.