Utumishi wa Vitani Usio na Hati: Sheria za Pensheni kwa Wapiganaji wa Uhuru wa Ireland, 1923–1949

Wapiganaji waliopigania uhuru wa Ireland kati ya 1916 na 1921 hawakuwa na mishahara, kambi za kudumu, wala, kwa wengi wao, sare. Orodha moja ya majina ikinaswa na askari wa Uingereza ilitosha kukimaliza kikosi kizima. Kwa hiyo mengi hayakuandikwa, na yaliyoandikwa mara nyingi yalichomwa moto. Miaka michache baadaye, dola waliyosaidia kuizaa iliwataka watu haohao wathibitishe kwamba walipigana. Makala haya yanachunguza namna sheria za pensheni zilivyolikabili tatizo hilo. Hoja yake ni kwamba ugumu mkubwa haukuwa uhaba wa fedha peke yake, bali kipimo chenyewe cha nani aitwe mpiganaji.

Sheria ya kwanza, ya 1923, iliwahusu majeruhi na wategemezi wa waliofariki. Ilifuatiwa na Sheria ya Pensheni za Utumishi wa Kijeshi ya 1924, ambayo haikumtaka mwombaji awe na jeraha; ilitambua utumishi wenyewe. Hata hivyo, ilikuwa na sharti zito: mwombaji awe pia alitumikia Jeshi la Taifa kati ya Julai 1922 na Oktoba 1923. Tarehe hizo hazikuchaguliwa kwa bahati. Ni kipindi cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vilivyozuka Juni 1922 baada ya wapiganaji kugawanyika kuhusu Mkataba uliotiwa saini na Uingereza Desemba 1921. Mtu aliyepigana bega kwa bega na wenzake Dublin mwaka 1916, kisha akaupinga Mkataba, alifutwa katika hesabu yote, pamoja na ile sehemu ya utumishi ambayo hakuna aliyeibishia. Ikumbukwe kwamba Machi 1924 Jeshi la Taifa lilikumbwa na uasi wa maofisa waliochukizwa, pamoja na mambo mengine, na upunguzaji wa askari. Ni vigumu kuisoma sheria iliyopitishwa miezi michache baadaye bila kuuona mkono wa hofu hiyo.

Éamon de Valera alipoingia madarakani mwaka 1932, mizani iligeuka. Sheria ya 1934 iliwafungulia mlango waliopinga Mkataba, na pia wanachama wa Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake iliyoundwa 1914. Baadhi ya wapinzani wa Mkataba walikataa kuomba, kwa kuwa kupokea fedha za dola hiyo kwao kulikuwa sawa na kuikubali. Wengine, wakiwa na watoto wa kulisha katika miaka ya mdororo wa uchumi, hawakuwa na anasa ya msimamo huo.

Kitovu cha sheria zote mbili kilikuwa dhana ambayo hapa inaitwa “utumishi wa vitani”. Kuwa mwanachama hakukutosha; ilipasa kuonyesha kitendo. Lakini sheria haikueleza kwa ukamilifu kitendo kipi kinatosha. Je, aliyelinda njia usiku wenzake wakivamia kituo cha polisi alikuwa vitani? Vipi aliyeficha bunduki chini ya sakafu ya nyumba yake, akijua kwamba zikipatikana nyumba itateketezwa? Uamuzi uliachiwa Bodi ya Wakadiriaji mwaka 1924, na baada ya 1934 Mwamuzi aliyesaidiwa na Kamati ya Ushauri. Mwombaji alijaza fomu ndefu kipindi baada ya kipindi, akataja mapambano na makamanda, kisha akahojiwa kwa kiapo. Makamanda wa zamani waliombwa kuthibitisha. Aliyekuwa amegombana na kamanda wake, au ambaye kamanda wake alikuwa amekufa au amehamia Marekani, alibaki na neno lake tu. Usiri uliomwokoa mwaka 1920 ndio uliomhukumu mwaka 1936.

Waliokubaliwa walipangwa katika madaraja matano, A hadi E, kwa kadiri ya vyeo vyao, na utumishi wao ukageuzwa kuwa miaka ya hesabu. Juma moja la mapigano ya Aprili 1916 lilihesabiwa kuwa miaka kadhaa. Daraja E lililipa pauni 5 kwa kila mwaka uliotambuliwa. Askari wa kawaida aliyetambuliwa miaka miwili alipata, basi, pauni 10 kwa mwaka mzima.

Wanawake ndio wanaouanika udhaifu wa kipimo hicho. Margaret Skinnider, mwalimu wa hisabati kutoka Uskoti, alipigana na Irish Citizen Army mwaka 1916 na akapigwa risasi tatu. Ombi lake la pensheni ya majeraha lilikataliwa mwaka 1925 kwa hoja kwamba neno “askari” katika sheria lilimhusu mwanamume. Risasi zenyewe hazikuwa zimeuliza. Alisubiri hadi 1938 kupata pensheni chini ya sheria mpya. Kwa upande mwingine, Brigid Lyons Thornton, daktari aliyekuwa ofisa katika Jeshi la Taifa, alipata pensheni chini ya sheria ya 1924: cheo rasmi kilifungua mlango ambao jeraha halikuufungua. Na hata sheria ya 1934 iliwabana wanawake katika madaraja D na E pekee, yaani ilikiri kwamba walitumika lakini ikakataa kwamba waliongoza.

Waombaji walizidi 80,000, na walio wengi walikataliwa. Malalamiko yao ndiyo yaliyozaa marekebisho ya 1949, yaliyoruhusu maombi yaliyokataliwa kufikiriwa upya. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1940, posho maalumu iliwekwa kwa wenye medali waliokuwa maskini na wasioweza kujitegemea. Medali nayo iliendeleza mgawanyiko uleule: waliothibitishwa kuwa vitani walipewa yenye kipande cha chuma kilichoandikwa “Comrac”, yaani mapambano, wanachama wengine walipewa isiyo nacho.

Majalada ya maombi hayo yametolewa kwa umma kwa awamu tangu 2014 na Hifadhi ya Nyaraka za Kijeshi mjini Dublin, na watafiti wameyapokea kama hazina. Ni hazina kweli, lakini yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Orodha za wanachama wa IRA zilizomo, zinazoonyesha hali ya vikosi tarehe 11 Julai 1921 na 1 Julai 1922, hazikuandikwa siku hizo. Ziliandaliwa na kamati za maveterani kuanzia katikati ya miaka ya 1930 ili kusaidia ukaguzi wa maombi. Kukosekana kwa jina humo kunaonyesha tu kwamba hapakuwa na aliyelikumbuka, au aliyetaka kulikumbuka, kamati ilipokutana.