Mlima Hauna Chama: Somo la Kupima Habari Chini ya Nyiragongo

Mtoto wa Kibati hahitaji kufundishwa kushuku. Amezaliwa chini ya volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya Goma–Rutshuru ambayo majeshi yameipita kwenda na kurudi, na tangu akiwa mgongoni mwa mama yake amesikia kwamba redio inadanganya, serikali inadanganya, mashirika yanadanganya, na jirani naye kuna jambo anaficha. Mwaka 2008 Kibati iligeuka kambi ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya waasi wa CNDP. Kuanzia mwishoni mwa 2022 wengine, waliokimbia waasi wa M23, walijaa Kanyaruchinya, mwendo mfupi kuelekea mji wa Goma. Kwa watu walioishi hivyo, shaka ni namna ya kujikinga.

Ndiyo maana nikisoma miongozo inayowataka walimu wafundishe fikra tunduizi kwa kuwazoesha wanafunzi "kuhoji kila wanachoambiwa" kuhusu mambo ya dunia, naona iliandikwa kwa ajili ya watoto wa mahali pengine. Wetu wanahoji tayari, tena kwa ukali. Wanachokosa ni hatua inayofuata: kuigeuza shaka iwe swali ambalo jibu lake linaweza kutafutwa, kisha kulikubali jibu hilo hata kama haliwapendezi. Bila hatua hiyo, mwanafunzi anayekataa kila habari hana tofauti kubwa na yule anayemeza kila habari, kwa sababu hakuna aliyepima.

Shaka yenyewe mara nyingi ina sababu, na mwalimu asiidharau. Septemba 2018, Ebola ilipokuwa ikiua watu Beni na Butembo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji hiyo miwili. Takriban robo yao walisema ugonjwa huo haupo. Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini miezi mitatu baadaye tume ya uchaguzi iliahirisha kura katika maeneo hayohayo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Mtu wa Beni aliyeona hayo akasema Ebola ni siasa hakuwa amekosa akili. Alikuwa na ushahidi wa jambo moja, yaani kwamba ugonjwa ulitumiwa kisiasa, akaufanya uwe ushahidi wa jambo jingine, yaani kwamba ugonjwa haupo. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Kumwonyesha mwanafunzi mahali hasa hoja ilipoteleza kunafaa kuliko kumwambia "acha uvumi".

Shule zetu hazijaandaliwa kwa kazi hiyo. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huu tunaouita Eksetat, ulianzishwa mwaka 1967, na ukiondoa insha, sehemu kubwa yake ni kuchagua herufi moja kati ya kadhaa. Mwanafunzi anayejua kwamba maisha yake yanategemea herufi hizo hawezi kulaumiwa akiuliza, "Mwalimu, jibu ni lipi?" Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yalifurika, na mwalimu aliyebanwa na umati wa watoto hukimbilia kuimbisha. Kenya imeandika fikra tunduizi miongoni mwa umahiri saba wa mtaala wake wa 2017; ni hatua njema, ila kuandika kwenye mtaala ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Basi mwalimu wa Kibati aanzie wapi? Vitabu vya ualimu husema aanzie na kilicho karibu na mtoto. Hapa kilicho karibu ni vita, na darasani vita vina hatari yake: kuna watoto wa pande mbalimbali, kuna masikio, kuna baba aliyepotea. Mimi nashauri aanze na mlima. Mlima hauna chama wala kabila, hauna bendera, na hakuna atakayekamatwa kwa kuuliza lava ilipita wapi.

Tuuchukue usiku mlima ulipolipuka, Jumamosi, 22 Mei 2021. Mawe meusi ya usiku ule yapo hadi leo; watoto hukata njia juu yake wakienda shuleni, na baba zao huyavunja kwa ajili ya misingi ya nyumba. Zoezi la kwanza ni dogo. Kila mwanafunzi awaulize watu watatu waliokuwepo: uliona nini kwanza, ulikuwa wapi, saa ngapi, ulijuaje ni saa hiyo? Kesho yake majibu yaandikwe ubaoni. Hayatafanana. Mmoja atasema anga liligeuka jekundu kabla ya giza kuingia, mwingine atasema alikuwa ameshakula. Aliyekuwa Kibati na aliyekuwa Himbi, kule ziwani, hawakutazama upande uleule. Sasa mwalimu aulize: je, kuna aliyesema uongo? Hapo ndipo wanafunzi hugundua kwamba mashahidi wanaweza kutofautiana wote wakiwa wakweli, na kwamba anayesema "nilisikia kengele ya misa ya jioni" ana uzito kuliko anayesema "ilikuwa saa moja hivi".

Wengi wataeleza pia kwamba mlima "ulifurika" kutoka kileleni. Haukufurika. Lava ilitoka kwenye nyufa zilizofunguka ubavuni, ikashuka, ikaikata barabara ya Rutshuru, ikasimama pembezoni mwa mji upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2002 ilikuwa imepenya katikati ya mji hadi ziwani. Walichokiona watu ni mwanga mwekundu juu ya kilele. Mengine waliyajazia wenyewe, kama sote tunavyofanya.

Zoezi la pili ni gumu zaidi, na ndilo ninalolipenda. Baada ya mlipuko ule, uliowaua watu wasiopungua 30, magazeti ya dunia yalikuwa na maelezo tayari. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimepoteza ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa hakikuwa na fedha hata za kulipia intaneti inayoleta vipimo kutoka mlimani. Mlipuko ulikuja bila onyo. Kwa hiyo, ikasemwa, watu walikufa kwa sababu ya ukata wa OVG. Mambo mawili ya kwanza ni kweli, na msomaji huyaunganisha mwenyewe bila kusukumwa. Lakini mawasiliano ya vituo yalikuwa yamerudi mwezi mmoja hivi kabla ya mlipuko. Na mwaka 2022 kundi la watafiti, wakiwemo wa OVG yenyewe, lilichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa vipimo vya siku zile: magma ilikuwa imeshafika karibu na uso wa ardhi, ukuta wa mlima ukapasuka, na dalili zilizoweza kusomeka zilijitokeza chini ya saa moja kabla. Hata kituo chenye fedha kingekuwa na muda mfupi sana wa kupiga mbiu.

Je, hilo linawasafisha waliokiacha kituo bila fedha? Hapana. Kuunyima mji wenye watu zaidi ya milioni moja macho ya kuutazama mlima ni kosa hata kama siku ile macho yasingeona kitu. Mwanafunzi akiweza kushika mambo hayo mawili kwa pamoja, kwamba lawama ni halali na kwamba ukata haukuwa sababu ya vifo vile, amepata kitu ambacho wahariri wengi hawana.

Halafu kuna uhamisho. Alfajiri ya 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke mara moja. Mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, wengine mpaka wa Rwanda, wengine boti za Bukavu. Mlipuko wa pili haukuja. Hadi leo utasikia: walitudanganya ili watuibie nyumba. Hapa mwalimu aandike ubaoni safu mbili, kilichojulikana 27 Mei na kilichojulikana baadaye. Katika safu ya kwanza yamo matetemeko yaliyokuwa yakipasua kuta, na vipimo vilivyoonyesha magma ikisogea chini ya mji kuelekea chini ya ziwa. Limo na ziwa lenyewe: Kivu imebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani vilindini mwake. Wenyeji wa Goma wanaijua kaboni dioksidi kwa jina la mazuku, hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa gesi hiyo usiku wa 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Uamuzi hupimwa kwa safu ya kwanza. Kusema "hakikutokea kitu, basi ulikuwa uongo" ni kuupima kwa safu ya pili, ambayo asubuhi ile hakuna aliyekuwa nayo. Namna watu walivyohamishwa, bila maji wala magari ya kutosha, ni hoja nyingine, na hapo serikali ina mengi ya kujibu.

Siku mbili baadaye serikali hiyohiyo ilitangaza kwamba mlima mwingine, Murara, umelipuka, kisha ikakanusha. Wanafunzi hupenda sana kisa hiki kwa sababu kinathibitisha kwamba serikali hukosea. Waulizwe pia: mara ya mwisho redio ya barabarani, yaani uvumi, ilikanusha habari yake ni lini?

Wakishazoea kupima mlima, waletewe mambo ya dunia, na la kwanza liwe koltani, kwa kuwa hakuna mtoto wa Kivu asiyeisikia. Iandikwe ubaoni sentensi inayojulikana na kila mtu: "Kongo ina asilimia 80 ya koltani ya dunia." Kisha kimya, mpaka mmoja aulize: ya nini hasa? Ya iliyo ardhini, au ya inayochimbwa kila mwaka? Nani aliipima ardhi ya Masisi katikati ya vita, na mwaka gani? Takwimu za idara ya jiolojia ya Marekani za mwaka 2023 zinaipa Kongo takriban asilimia 40 ya tantali, metali inayotoka kwenye koltani, iliyochimbwa duniani, na kwenye safu ya akiba iliyo ardhini hazina namba yoyote ya Kongo. Hiyo 80 huzunguka kutoka hotuba hadi hotuba, na wengine huichanganya na kobalti, ambayo kweli Kongo inaongoza kwa mbali, ila inatoka Katanga, siyo kwetu. Asilimia 40 bado ni kubwa mno. Hakuna haja ya kuiongezea.

Kisha sababu. Vijana wa Ulaya huambiwa vita vyetu vinatokana na simu zao. Mwanafunzi apange tarehe tu. Vita vya waasi wa AFDL vilianza 1996, kabla bei ya tantali haijapaa mwaka 2000. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze madini yao yanatoka wapi. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji mdogo Kivu na Maniema, hadi Machi 2011. Wachimbaji walikosa chakula cha watoto, na mwaka 2012 M23 ikazaliwa. Je, madini hayahusiki? Yanahusika sana. Mwaka 2024 mkuu wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba eneo la migodi ya koltani la Rubaya linaiingizia M23 dola 300,000 kwa mwezi, na baadaye mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakataja 800,000. Darasa litaruka kusema mmoja ni mwongo. Kabla ya hapo waulize kila mmoja alihesabu nini, na lini. Madini hulipia vita. Kuwa ndiyo yaliyovianzisha ni dai lingine, linalohitaji ushahidi wake.

Hapo tayari tumeshaingia penye hatari, na mwalimu ajue pa kusimama. Asimlazimishe mtoto kueleza yaliyoipata familia yake. Asiwapigishe kura ya nani ana haki. Siku ambayo mji umejaa silaha na wasiwasi, arudi kwenye mlima bila aibu. Mjadala ufanyike kwa Kiswahili, hata kama hitimisho litaandikwa kwa Kifaransa cha mtihani, maana mtoto anayetafuta maneno hana nguvu ya kutafuta hoja. Na alama zitolewe pia kwa anayejibu: "Bado sijui, lakini nitamuuliza fulani, kwa sababu alikuwepo." Kwa mfumo wa Eksetat jibu hilo ni sifuri. Kwangu ni jibu la mwanafunzi aliyeanza kusoma.

Wakuu wa shule wa Nyiragongo na Goma, mpeni mwalimu saa moja kwa wiki ya kazi hii. Haingoji mradi wala kompyuta. Inataka ubao, chaki na watu wa kuulizwa. Walioshuhudia 2021 na 2002 bado ni wengi. Waliouona mlima ukipasuka Januari 1977 wanazidi kupungua, kwa hiyo waulizwe hao kwanza.